Pedi za kufua zinataka jua, tuache kuzificha

Nikisema natumia pedi za kufua, swali la kwanza wadada wananiuliza ni kama zinavuja, la pili ni kama zinanuka. Kuvuja hazivuji kama umevaa ya saizi yako na unabadilisha kwa wakati, hilo tulimalize hapohapo. Harufu ndo tuiongelee vizuri, kwasababu hapo ndo wengi wanakata tamaa na pedi zenyewe hazina kosa, shida iko pale zinapokaukia. Mtu anafua vizuri kabisa, anakamua, anasuuza, alafu anaanza kuogopa watu wataona, basi anaipeleka chini ya godoro, au nyuma ya mlango, au anaianika kambani lakini anaifunika na leso nzito mpaka hewa haipiti, baada ya miezi miwili anaitupa anasema mambo ya pedi za kufua ni ya kijijini. Mimi naomba kabla hujatoa shilingi yako ujiulize kwanza utaanika wapi.

Nieleze kwanini nasisitiza hivo. Pedi ya kufua ina tabaka, juu kuna kitambaa laini kinachogusa mwili, katikati vitambaa vya kunyonya, chini kitambaa kisichopitisha maji. Hiyo ya katikati haikauki haraka kama blauzi. Ukigusa juu unaona tayari, kumbe ndani bado mbichi, na ubichi ukipata giza na joto la chumba, fangasi na bakteria wanafurahi. Unaivaa hivohivo, unaanza kuwashwa, unaenda famasi unapewa dawa ya fangasi, unatumia unapona, mwezi ujao unavaa ileile unawashwa tena. Nimeona wadada wanazunguka hapo mwaka mzima wananunua dawa. Jua linakausha mpaka ndani, na mionzi yake inaua vijidudu, na hiyo dawa ni ya bure kila siku isipokuwa msimu wa mvua.

Alafu kuna yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, mnamjua, funza wake anaingia kwenye ngozi anatoka kama jipu. Ndo maana mama zetu walikuwa wanapiga pasi mpaka nepi za mtoto. Sasa fikiria funza huyo sehemu ile. Kwahiyo pedi inakauka kwenye jua kali mpaka ndani kabisa, au inapigwa pasi, tena pasi ya moto ya kawaida upande wa pamba, sio upande wa nailoni maana utayeyuka. Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha, pasi ya mkaa inafanya kazi ileile.

Mimi kwetu ni Bombo, Uganda, ila kwa sababu ya kazi nimepanga muzigo, yaani chumba, Bwaise, mtaa wa Kampala, na anayeijua Bwaise anajua vyoo vyetu viko juu, unapanda ngazi ndo unaingia, kwasababu ukichimba kidogo tu maji yanatokea. Shimo ni fupi, tunalitumia wapangaji wengi, linajaa haraka. Likijaa wanaitwa vijana wa kutapisha na ile pampu yao ya mkono, wanahesabu kwa pipa, kila pipa na pesa yake. Lakini kabla pampu haijaingia lazima kwanza wavue takataka maana pampu inaziba. Siku moja nilisimama nikaangalia. Kijana ana nondo ndefu iliyopindwa ncha, anaichovya, anaizungusha taratibu, anavuta, na kinachotoka ni pedi, na nyingine, na nyingine, zimevimba, plastiki yake nzima kabisa, hata maua madogo ya rangi yaliyochapwa mgongoni bado yanaonekana. Anazirundika kwenye gunia. Glavu zake zilikuwa zimechanika vidole viwili. Tulikuwa wanawake watatu pale uani na hakuna aliyesema neno, maana kila mmoja alijua zile ni zetu.

Pedi nyingi za dukani sehemu kubwa ni plastiki, kile kitambaa cha juu, karatasi ya chini, na ndani kuna punje zinazonyonya maji zinageuka jeli. Haziozi kwenye shimo. Ukizichoma uani zinatoa moshi mbaya na watoto wanacheza hapohapo. Ukizitia kwenye mfuko wa takataka, gari la Kampala miaka yote lilikuwa linapeleka dampo la Kiteezi, na tarehe 10 Agosti 2024 ule mlima wa takataka uliporomoka ukafunika nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Mungu awarehemu. Tangu siku ile nikifunga mfuko wangu wa takataka nawafikiria waliokuwa wanalala pale chini, na nikiweza kuupunguza uzito naupunguza.

Upande wa pesa sina haja ya kuongea sana. Pakiti dukani kwetu ni kati ya shilingi 3,000 na 5,000, mwenye damu nyingi moja haimtoshi kwa mwezi, na nyumba yenye mama na mabinti wawili watatu hapo mnajua wenyewe nani anakosa. Kwenye kampeni za uchaguzi wa 2016 Rais Museveni aliahidi pedi za bure kwa wasichana wa shule, mwaka 2017 waziri wa elimu, mama Janet Museveni, akaliambia Bunge pesa hazipo kwenye bajeti. Mwanaharakati Stella Nyanzi akaanza kuchangisha pedi apeleke mashuleni, na wananchi walichanga. Mtoto aliyekuwa darasa la sita mwaka ule leo ni mtu mzima, na hedhi haikusubiri bajeti.

Sasa za kupata wapi. Uganda tuko na bahati kwasababu zinatengenezwa hapahapa. AFRIpads walianza mwaka 2010 huko upande wa Masaka, walioanza kushona ni wanawake wa kule, na pedi zao ukizitunza zinakaa mwaka na zaidi. Pia kuna kazi ya Dokta Moses Musaazi wa Makerere, MakaPads, hizo sio za kufua ni za kutupa, lakini zimetengenezwa na mafunjo ya kinamasi na karatasi zilizokwisha kutumika, kwahiyo zinaoza, na wakimbizi wa kambi ya Kyaka II walikuwa wanazitengeneza wenyewe wanapata kipato. Nalitaja hili kwasababu kuna mwanamke ambaye kufua haiwezekani kwake, anauguza, au yuko safarini, au maji hakuna kabisa, na huyo pia anastahili kitu kisichobaki kwenye ardhi miaka na miaka.

Mimi zangu nyingi nashonesha. Naenda soko la Owino kule kwenye mashuka ya mtumba, natafuta flaneli, yale mashuka mazito yenye manyoya kidogo. Muuzaji atakuapia ni pamba tupu, wewe usimuamini, vuta uzi mmoja pembeni, toka nje uuchome na kiberiti. Pamba inaungua inabaki majivu laini unayafuta na kidole. Ikiwa imechanganywa na polista inayeyuka na kubaki na kipunje kigumu cheusi, hiyo rudisha, hainyonyi vizuri na inaleta joto. Kwa katikati nakata taulo la zamani la pamba. Kwa chini kitambaa cha mwavuli au koti la mvua, kile chepesi. Nyumbani naziosha kwanza na maji ya moto zote kabla fundi hajakata, maana pamba ikiguswa na maji inaruka, yaani inapungua, ukishona bila kuosha inakuja kujikunja baadae na mabawa hayafiki. Fundi namwambia aweke vile vifungo vya chuma vya kubana vinavyokuwa kwenye nguo za watoto, sio vishikizo vya kushona, maana vishikizo vinaumiza ukikaa kwenye boda. Rangi nachagua yoyote isipokuwa nyeusi, nataka kuona kama imetakata.

Kufua kwenyewe ni rahisi mkiacha kuogopa damu. Maji ya baridi kwanza, siku zote. Maji ya moto yanaipika damu inashikana na nyuzi na doa halitoki tena. Natia pedi kwenye beseni, naibonyeza na kiganja, maji yanakuwa mekundu, nayamwaga chooni sio uani, naweka mengine, nabonyeza tena, mpaka yanatoka meupe, hapo ndo sabuni ya kipande inaingia, nasugua pamba kwa pamba, nasuuza mpaka povu liishe kabisa. Sabuni ikibaki ndani inawasha mwili, watu wanadhani ni ugonjwa. Jik sitii, inakula kile kitambaa cha chini kinaanza kupitisha, na dawa ya kulainisha nguo pia hapana maana inafanya pamba ikatae kunyonya. Ukiwa umechoka sana iloweke kwenye ndoo yenye mfuniko usiku mmoja, asubuhi fua, usiiache siku tatu kwenye maji hayohayo. Maji najua ni gharama, bomba likikatika jerikani tunanunua hadi shilingi 500, ndo maana nafua pedi kwanza na maji kidogo kidogo mara nyingi kuliko beseni moja kubwa, yanatosha.

Na sasa hiyo kamba. Tulipohamia pale uani kwetu kulikuwa na kamba moja ya wote, mbele, karibu na geti. Nikaanika. Hajati mwenye nyumba akatoka akasimama anaangalia, akaniita pembeni.

"Mwanangu, hizi si za siku zako? Unaweka mbele ya wanaume?"

"Hajati, ni safi, nimezifua. Nikizificha ndani zinaoza, alafu naumwa."

Akanyamaza kidogo. "Sisi tulikuwa tunaweka uvunguni, juu ya tofali, mtu asione."

"Na zilikuwa zinakauka, Hajati?"

"Zikauke lini. Tulikuwa tunavaa na ubichi wake, tunawashwa, tunanyamaza. Hata mama yako hukumwambia."

Hakunikataza. Jumapili yake alimwita kijana wake akapigilia misumari nyuma ya nyumba, kati ya tanki la maji na ukuta, mahali ambapo jua linapiga kutoka asubuhi mpaka saa nane hivi, akafunga kamba akasema hii ni ya wanawake. Mwanzoni nilikuwa peke yangu. Sasa hivi Jumamosi unakuta pedi, nguo za ndani, nepi, kila mtu na vibanio vyake, na mama mmoja Mkongo wa chumba cha mwisho amewafundisha mabinti zake kushona kwa sindano za mkono. Wanaume wa pale wanajua kuna kamba gani nyuma na hakuna aliyekufa. Kama kwenu bado ni vigumu na lazima ufunike basi funika na mtandio mwembamba upepo upite, ile leso nzito iache. Mwezi wa nne na wa kumi na moja mvua ikishikilia, kamua pedi ndani ya taulo kavu, ukanyage na mguu, taulo litanyonya sehemu kubwa, alafu ning'iniza karibu na dirisha na umalizie na pasi. Na uwe na za kutosha, usitegemee ya jana ikauke leo.

Kuna sehemu ambazo hata ufanyeje kamba ni shida, na kwa hao nashauri kikombe cha hedhi. Sio kitu kipya, Mmarekani Leona Chalmers alikipatia hataza mwaka 1937, ila kwetu ndo kimeanza kujulikana juzijuzi kupitia mashirika kama WoMena ambao wamefundisha wanawake Uganda jinsi ya kukitumia. Ni silikoni ya kiwango cha hospitali, unakikunja unaingiza ndani, kinapokea damu badala ya kuinyonya, unamwaga kila baada ya saa 8 hadi 12 kutegemea damu yako, unasuuza na kikombe cha maji safi, unarudisha. Hedhi ikiisha unakichemsha dakika 5 kwenye sufuria yake yenyewe, unakiweka kwenye kifuko cha kitambaa, na kimoja kinaweza kufika miaka 10. Hakuna cha kuanika. Lakini mikono lazima iwe safi kabisa kabla ya kukigusa. Kama una koili ya uzazi wa mpango muone nesi kwanza maana ukivuta vibaya unaweza kuitoa. Na ukiwa nacho ukapata homa ya ghafla na kutapika na vipele mwilini, kitoe uende hospitali hapohapo, inatokea mara chache sana lakini usikae nayo nyumbani.

Wazazi wengi wanakikataa kwasababu ya ubikira. Naelewa wanatoka wapi na siwacheki. Lakini kile kingozi cha bikira kinatofautiana mtu na mtu, kuna anayezaliwa nacho kidogo sana, kuna ambaye kinanyooka kwa michezo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walisema wazi vipimo vya ubikira havina msingi wowote wa kisayansi na vikomeshwe. Binti ambaye hayuko tayari asilazimishwe, pedi za kitambaa zipo. Na kwa Waislamu wenzangu mnaouliza, damu ikikatika unaoga josho lako kama kawaida, umetumia kitambaa au kikombe au cha kutupa.

Jambo moja nimelipata kwenye hizi njia ambalo sikulitegemea, unaijua damu yako. Unaona kiasi, unaona rangi, unaona mabonge. Ukiona unalowesha pedi kila saa, au siku zinapita saba damu haikatiki, usiseme ni ukoo wetu tu, nenda ukapimwe uvimbe wa kizazi na upungufu wa damu.

Nimalizie na nyie wenye mabinti bodingi, maana hapo ndo pananiuma zaidi. Binamu yangu alipewa pakiti ya pedi za kufua shuleni, wageni walikuja wakagawa, wakapiga picha wakaondoka. Bweni lina vitanda vya ghorofa, kamba za nje ziko mbele ya madarasa ya wavulana, na matroni wao alikuwa anaziondoa akiziona anasema ni aibu. Watoto wakawa wanazikausha chini ya vitanda, ndani ya masanduku, mwingine anavaa ikiwa na ubichi ili ikaukie mwilini. Alirudi likizo na vipele mapajani na amechukia kila kitu kinachoitwa pedi ya kitambaa. Hakuna aliyeuliza zitakaukia wapi kabla ya kuzigawa.

Kwahiyo siku ya kumrudisha shule, kabla ya kulipa chochote kantini, muone matroni uso kwa uso umuulize mabinti wanaanika wapi nguo zao za ndani, na uombe kuonyeshwa hiyo sehemu, usikubali kuambiwa tu. Ikiwa kuna jua na kuna faragha kidogo, mfungashie mtoto pedi za mchana na za usiku, ndoo ndogo yenye mfuniko, vibanio vyake, sabuni ya kipande ya ziada, na kifuko kisichopitisha maji cha kubebea iliyotumika akiwa darasani. Ikiwa hakuna, mnunulie za kutupa temu hiyo, alafu tafuta wazazi wenzako wawili watatu muende kwa mwalimu mkuu pamoja, misumari na mita chache za waya hazifiki bei ya mfuko wa saruji.